Upande wa Nyuma wa Daftari la Raya

Jumanne, 24 Machi

Daftari hili amenipa Sista Tina wa kituo cha afya. Kasema, Mama Raya, kila siku andika tarehe, andika mtoto kaanguka mara ngapi, andika kameza vidonge vingapi, usiniletee tena hesabu za kukisia. Kwa hiyo upande wa mbele nimepiga mistari kwa rula ya Raya: tarehe, kuanguka, kidonge cha asubuhi, kidonge cha jioni. Nikaona kurasa nyingi zitabaki tupu bure. Nikaligeuza daftari juu chini, nikaanza huku nyuma. Mbele ni kwa Sista. Huku ni kwangu.

Mimi ni Mwanaasha, wa hapahapa Kiwangwa. Shule niliishia darasa la tano, kwa hiyo mwandiko wangu unapanda na kushuka kama njia ya shamba. Mume wangu ni Mwishehe, anauza mananasi barabarani kule Vigwaza, hurudi Ijumaa. Raya ndiye mtoto wetu pekee tuliyejaliwa. Ana miaka kumi na miwili, yuko darasa la sita, na ana kifafa tangu ana miaka saba.

Jumanne iliyopita aliangukia shuleni. Mtoto wa Dija, jirani yangu, alikuja mbio kuniita shambani. Nilimkuta Raya kwenye mfereji wa maji ya mvua, pembeni ya darasa, amelala peke yake, paji la uso limepasuka, tope mpaka mdomoni. Wenzake wamesimama mbali, duara kubwa. Wanaambiana kwamba mate ya mwenye kifafa yakikugusa na wewe unaanguka. Mwalimu wao wa darasa, Mwalimu Gertruda, alikuwa mlangoni amenyoosha mikono, anawazuia watoto wasisogee. Niliangalia miguu yake. Viatu vyake havikuwa na tope hata tone.

Kashonwa nyuzi saba. Kanyolewa nywele zote ili jeraha lisafishwe.

Nimemwambia Raya hurudi tena kule. Utasoma hapa, nitakufundisha mimi. Akaniangalia kwa jicho lisilo na bandeji, akauliza, "Na Kiingereza, mama?" Nikasema tutaona.

Jumatano, 25 Machi

Hakuanguka. Mvua tangu alfajiri.

Alhamisi, 26 Machi

Hakuanguka.

Jumamosi, 28 Machi

Hakuanguka. Tumeanza. Nimetandika mkeka chumbani kwake, nimeteremsha pazia, maana jua linamtia kizunguzungu na sitaki wapita njia wachungulie ile bandeji. Asubuhi Kiswahili, ananisomea, mimi namenya mihogo. Kisha hesabu. Tumetumia machipukizi ya mananasi niliyoyakusanya ya kupanda. Safu kumi na nane, kila safu machipukizi ishirini na tano, mangapi jumla? Mimi nilikuwa bado nasogeza midomo, yeye ameshaandika mia nne na hamsini.

Nilijisikia fahari mpaka nikaenda jikoni nikakaa kidogo.

Jumapili, 29 Machi

Hakuanguka.

Alhamisi, 2 Aprili

Ameanguka mara moja, jikoni, baada ya chai. Nilikuwepo, nikamlaza ubavu kama Sista alivyonielekeza, nikahesabu. Dakika mbili. Nilimfuta mate kwa kiganja changu na kiganja changu kipo, hakijaanguka.

Jumatano, 8 Aprili

Hakuanguka. Dija alikuja kuomba moto akakaa mpaka adhuhuri. Amenichekesha, halafu akaniharibia siku. Anasema watu wanamuuliza ngoma lini. Ngoma gani? Ya mwali. Wanasema Mama Raya kamtia binti ndani. Nikamwambia Dija, wewe unamjua mtoto, hata ungo hajavunja. Akasema mimi najua, wao hawajui, na mimi kazi yangu si kutangaza. Nikacheka, nikamwambia hiyo ndiyo kazi yako pekee uliyonayo. Akacheka na yeye. Lakini alipoondoka nililitazama lile pazia kwa macho ya mtu mwingine.

Jumatatu, 13 Aprili

Mwalimu Gertruda alikuja leo. Kapiga hodi mara moja, sikuwahi hata kujifunga kanga vizuri, keshaingia. Raya alikuwa ndani kwenye mkeka. Mwalimu alisogeza pazia kwa kidole kimoja akamwona: kichwa cheupe kimenyolewa, bandeji imeshatoka, kajitanda kanga, na ngozi imetakata kwa wiki nne za kukosa jua. Raya akamwamkia. Mwalimu akaitikia marahaba, akaachia pazia.

Nikasema, karibu ukae mwalimu, tunasoma. Akaniuliza tunasoma nini. Mimi kwa woga nikasahau kabisa tulichokuwa tunasoma. Nikasema, "Mambo mbalimbali."

Hakukaa. Aliondoka anatembea kama mtu aliyeona alichotarajia kukiona.

Jumanne, 14 Aprili

Hakuanguka. Barua imeletwa na mjumbe. Mzazi aripoti ofisi ya mwalimu mkuu Alhamisi saa tatu, akikosa suala litafikishwa kwa mtendaji wa kata. Nimeisoma mara nne. Kila nikiisoma inazidi kuwa fupi na kali.

Alhamisi, 16 Aprili

Nimerudi, nimechemsha maji ya chai, nimesahau kutia majani. Naandika kila kitu wakati bado kinawaka.

Mwalimu mkuu ni Mwalimu Gaspari, mtu mzima wa kukaribia kustaafu, mpole wa sauti. Nikamwamkia, akanipa kiti. Mwalimu Gertruda alisimama dirishani. Mwalimu mkuu akaanza kwa kuniuliza nimesoma mpaka la ngapi. Nikasema la tano. Akaandika. Kile kitendo cha kuandika kiliniuma kuliko kama angecheka.

Akaniuliza basi mtoto wa la sita anafundishwaje na mtu wa la tano. Nikasema namfundisha ninachokijua, na nisichokijua tunakitafuta kwenye vitabu vyake pamoja. Mwalimu Gertruda ndiye alinigeukia. "Nyuzi saba za mwanao alishona nani, nesi au fundi cherehani? Wote wana sindano, mama."

Ni kweli wote wana sindano.

Halafu akasema lile lililomleta nyumbani kwangu. Kwamba yeye ni wa bara lakini ana mwaka wa tisa hapa, mwali anamjua akimwona. Kanyolewa, kafichwa nyuma ya pazia, katakata ngozi, mama anababaika kujibu. Kwamba tunamsubirishia mume. Nikamwambia mwanangu hajavunja ungo na kanyolewa kwa sababu ya jeraha alilolipatia mlangoni kwako. Sauti yangu ilikuwa inatetemeka, na mtu anayetetemeka anaonekana mwongo.

Mwalimu mkuu akafungua rejista. Hakunigombeza. Alinionyesha majina kwa kalamu, moja moja. Huyu mama yake aliniambia anaumwa tumbo. Huyu nikaambiwa kaenda kwa bibi yake kule Dunda. Huyu analea mdogo wake. "Wote watatu sasa wananyonyesha, Mama Raya. Mzazi anayemweka mtoto nyumbani hajawahi kukosa sababu ya kuniambia. Na mimi nimeshaziamini tatu."

Alivyosema hivyo, nilimwona ni mtu aliyechoka kudanganywa. Nikashindwa kumchukia, nilikuwa nimekwenda nimejiandaa kumchukia.

Lakini Mwalimu Gertruda niliweza. Nikamwambia mbele ya mkuu wake, "Siku ile viatu vyako havikuwa na tope, mwalimu. Mwanangu alikuwa hatua nne kutoka kwako." Akageukia dirishani. Mwalimu mkuu akajifanya anatafuta ukurasa.

Mwisho tumekubaliana hivi. Tarehe kumi na nane Mei wanaanza mitihani ya muhula. Raya aje aifanye na wenzake. Akipata wastani wa C, mwalimu mkuu atamwandika mgonjwa mwenye ruhusa, awe anakuja mitihani tu mpaka amalize la saba. Asipopata, arudi darasani kila siku kama wengine, la sivyo ni mtendaji. Nikasema sawa. Niliposimama mwalimu mkuu akaniambia, kwa upole uleule, nisione wananionea. Shule ikimwacha mmoja akae nyumbani kwa sababu nzuri, kesho kumi wanakaa kwa sababu mbaya.

Ijumaa, 17 Aprili

Hakuanguka. Mwishehe amerudi, nikamweleza yote. Alikuwa anachomoa miiba ya mananasi vidoleni kwa pini. Akasema wiki nne na nusu si nyingi. Akasema, basi mwalimu ni wewe, mimi nitaleta chaki. Ameileta kweli, ilikuwa mfukoni tayari, ya rangi tatu. Sijui aliinunua lini wala alijuaje.

Jumatano, 22 Aprili

Ameanguka mara mbili. Mara ya pili nusura amwangukie paka. Hatukusoma.

Jumatatu, 27 Aprili

Hakuanguka. Tumefika kwenye sehemu na hapa ndipo shule yangu ilipoishia. Nakumbuka mpaka ubao: moja ya pili kujumlisha moja ya tatu. Nilitoka darasani siku ile kwenda kumuuguza mama yangu, sikurudi kuona jibu. Leo nimelikodolea macho swali lilelile kwenye kitabu cha Raya.

Raya akakisoma kitabu peke yake, muda mrefu. Akachukua nanasi, akakata. Akasema, mama, nusu na theluthi hazijumlishiki mpaka uzikate vipande vinavyolingana. Nusu ni vipande vitatu vya sita, theluthi ni viwili vya sita. Jumla tano ya sita. Hiyo namba sita inaitwa KDS, kigawe kidogo cha shirika. "Umeona? Hazikuwa ngumu. Zilikuwa hazijakatwa tu."

Miaka ishirini na tatu nimelisubiri jibu hilo.

Alhamisi, 30 Aprili

Hakuanguka. Anasinzia. Kila akimeza kidonge cha asubuhi, saa moja baadaye kichwa kinaanza kushuka. Leo aliandika mistari miwili ya insha, wa tatu kalamu ikateleza mpaka ukingoni mwa daftari.

Jumamosi, 2 Mei

Hakuanguka. Anasinzia.

Jumatatu, 4 Mei

Ameanguka mara moja, muda mfupi. Halafu kasinzia mpaka saa nane. Nimejaribu chai ya rangi yenye tangawizi kali, nimejaribu kumwosha uso, nimejaribu kumsomesha amesimama. Alisinzia amesimama. Mitihani itakuwa asubuhi saa mbili na nusu, saa ileile kidonge kinapomkamata.

Nimemwona tayari kwa macho yangu: kalaza kichwa kwenye dawati, Mwalimu Gertruda anapita, anaokota karatasi tupu, anamwangalia mwenzake. Unaona? Ndiyo kusomeshwa nyumbani huko.

Alhamisi, 7 Mei

Leo asubuhi nimekata kidonge kwa wembe. Nusu nimempa, nusu nimeifunga kwenye karatasi nikaificha kwenye kopo la sukari.

Sista Tina alisema isipungue hata siku moja. Najua alisema. Lakini cha jioni nitampa kizima, na ni siku chache tu mpaka mitihani ipite.

Upande wa mbele nimeandika kimoja.

Hakuanguka.

Ijumaa, 8 Mei

Nusu. Mbele nimeandika kimoja. Hakuanguka, na hakusinzia. Amemaliza insha nzima, ukurasa na nusu, kuhusu shamba letu. Ameandika kwamba mama yake anapopanda huongea na machipukizi. Sikujua kama huongea.

Jumamosi, 9 Mei

Nusu. Hakuanguka.

Jumapili, 10 Mei

Nusu. Hakuanguka. Mwishehe anasema mtoto kachangamka, umempa nini? Nikasema tangawizi.

Jumatatu, 11 Mei

Nusu. Hakuanguka.

Jumatano, 13 Mei

Nusu. Hakuanguka. Ananifundisha Kiingereza. Nimeshajua kusema jina langu, kwamba ni mkulima, na kwamba nina binti mmoja. Anasema matamshi yangu yananuka samaki. Tumecheka mpaka Dija kaja kuuliza kuna sherehe gani. Raya katoka nje mwenyewe akamwambia, "Shikamoo, Bi Dija. Ngoma ni tarehe kumi na nane." Dija kanyamaza, mara ya kwanza tangu nimjue.

Nilipandisha pazia leo. Sitaliteremsha tena.

Ijumaa, 15 Mei

Nusu. Hakuanguka. Mvua kubwa, maji yamepita juu ya kalavati la njia ya kituo cha afya.

Jumapili, 17 Mei

Nusu. Hakuanguka. Sare nimepiga pasi. Penseli mbili, rula, kifutio. Ameniambia, mama, nikifaulu usiwaambie tulifaulu. Sema nilifaulu mimi, na wewe sema umefaulu wewe. Tutakuwa wawili.

Kesho sitampa cha asubuhi kabisa. Atakunywa akitoka.

Alhamisi, 21 Mei. Hospitali, Bagamoyo mjini

Nililibeba daftari kwenye mkoba siku ile, nilitaka nikiitwa ofisini niwaonyeshe walimu upande wa mbele. Kwa hiyo ninalo hapa. Raya amelala. Anapumua mwenyewe.

Jumatatu aliingia darasani saa mbili na robo. Wakampa dawati la mbele. Mimi nilikaa barazani, nilikuwa namwona bega la kushoto na mkono unaoandika. Uliandika bila kusimama. Nilihesabu kurasa akizigeuza: moja, mbili, tatu. Nikasema moyoni, tazameni basi.

Ukurasa wa nne haukugeuka. Mkono ulisimama, ukaanza kutikisika, dawati likaanza kugonga sakafu.

Watoto walikimbia kama zamani. Wamenipita mlangoni, sikuweza kuingia kwa wingi wao. Nilipopenya nilimkuta Mwalimu Gertruda yuko chini. Amepiga magoti, kichwa cha Raya kipo mapajani kwake, amekigeuza ubavu, anamfuta mate kwa viganja vyake vitupu. Alikuwa anahesabu kwa sauti.

Haikuisha kwa dakika mbili. Haikuisha kwa tano. Mwalimu mkuu alileta pikipiki mbili, tukafika kwenye kalavati, hazikupita kwa maji. Tukambeba. Mwalimu Gertruda kashika mabega, mimi miguu, maji yanatufika mapajani, mwalimu mkuu mbele anajaribu njia kwa fimbo. Raya alikuwa mzito namna mtoto asivyopaswa kuwa mzito. Katikati ya maji mwalimu aliniuliza, "Dawa kameza leo?"

Nikasema, "Kameza."

Sista Tina alimchoma sindano, haikukata. Akachoma nyingine. Ikakata. Kuanzia darasani mpaka pale ilikuwa karibu saa nzima. Wakatuleta huku na gari la wagonjwa. Mwalimu Gertruda alikuja nasi, nguo zimemkaukia na tope mwilini, viatu hata sijui aliviacha wapi.

Hapa wodini aliliona daftari, akaomba alitazame. Nilimpa upande wa mbele. Akapitisha kidole mstari kwa mstari, kidonge kimoja, kidonge kimoja, hakuanguka, hakuanguka. Akalia. Akasema, "Nisamehe, mama. Nilidhani nyie mnaoficha watoto mnafanana wote."

Nikampokonya daftari taratibu, nikasema hamna neno.

Jumamosi, 23 Mei

Ameamka. Ananijua. Ananiita mama.

Jumapili, 24 Mei

Baba yake kaja na nanasi. Alimuuliza, hiki nini? Raya kalitazama muda mrefu. Akasema ni kile cha shambani.

Jumatano, 27 Mei

Idd. Tumeisalia wodini. Mkono wa kulia hauna nguvu ya kushika kijiko.

Ijumaa, 29 Mei

Tumerudi nyumbani. Hakuanguka. Viwili, vizima, mbele ya macho ya baba yake.

Nimemwekea kitabu chake cha Kiswahili, akakishika vizuri, akafungua, akafuata mistari kwa kidole. Nikafurahi. Kisha nikasikia anachosoma. Hakikuwa kitabuni. Alikuwa anatunga ili nisijue.

Daktari alisema alivyovisahau huenda vitarudi, huenda si vyote, tumpe muda.

Jumatatu, 1 Juni

Hakuanguka. Mwalimu Gertruda amekuja baada ya saa za shule, kakaa kwenye mkeka wetu, kavua viatu. Kaleta kadi za herufi za darasa la kwanza. Anamfundisha polepole na hachoki. Mimi namenya mihogo pembeni, ila leo mwalimu ni yeye.

Kaniambia mwalimu mkuu ameifuta ile habari ya mtendaji. Anasema tulikukosea, na anaomba daftari, upande ule wa Sista, ampelekee afisa elimu wa kata aone mzazi wa darasa la tano anavyoweza kutunza mtoto. Anasema walimu wakija tena kutaka kumhukumu mzazi kabla ya kumsikiliza, atalitoa.

Nikasema nitaleta. Alipoondoka nilikwenda kwenye kopo la sukari. Karatasi ipo, nusu kumi na moja, na kizima kimoja. Nilizihesabu kama zingepungua.

Jumatano, 3 Juni

Kliniki. Mwalimu Gertruda aliomba ruhusa akatusindikiza, alimshika Raya mkono njia nzima.

Sista Tina kasoma upande wa mbele. Alikunja uso. Akasema, vidonge viwili kila siku bila kukosa, na bado kaanguka saa nzima. Basi dawa hii imemshinda. Atamwandikia apewe ile kali, dozi kubwa, ingawa kwa mtoto aliyetoka kwenye hali hii ina hatari zake, ila hana njia nyingine, daftari ndilo linasema hivyo. Mwalimu akasema, "Na mama yake hajakosa hata siku moja, Sista. Mimi ni shahidi."

Sista akachukua kalamu. Nilikuwa naiangalia ile kalamu.

Niliwaza vitu vingi, vyote kwa mkupuo. Kwamba nikisema, wale watatu kwenye rejista watakuwa wanne. Kwamba kesho mama mwingine mwenye sababu ya kweli ataingia ofisini na ataambiwa, tulishamwamini mmoja. Kwamba Mwishehe atajua tangawizi ilikuwa nini. Kwamba mwalimu alisema kweli siku ile ofisini, wote wana sindano, ila si wote ni nesi.

Raya alikuwa anachezea kona ya meza kwa mkono wa kushoto.

Nikalichukua daftari mbele ya Sista, nikaligeuza juu chini, nikafungua tarehe saba Mei, nikampa. Nikasema, "Soma huku."

Alisoma. Mwalimu Gertruda alisoma juu ya bega lake. Nilisikia mvua imeanza na hakuna aliyeinuka kufunga dirisha. Sista aliichana ile karatasi ya dawa. Hakunitukana, na nilikuwa nimeshajiandaa. Alisema tu, asante kwa kusema kabla sijamaliza kuandika, halafu akaenda kunawa uso.

Mwalimu akabaki. Nikasubiri. Nilijua ana haki.

Akauliza, "Alikuwa anasinzia?"

Nikasema, alikuwa anasinzia sana.

Akakaa kwenye benchi karibu yangu, sio karibu sana. "Na darasani alikuwa anasinzia. Tangu la tano. Sikuwahi kuuliza anakunywa nini. Nilikuwa namchapa aamke."

Hatukuangaliana. Sikumsamehe na yeye hakunisamehe, sidhani kama kuna aliyeomba. Baadaye alisimama, akamfunga Raya kanga vizuri kifuani kwa ajili ya mvua, akasema kesho saa tisa nitakuja kama kawaida. Na daftari, akasema, mwalimu mkuu nitampelekea mimi, pande zote mbili, ukiniruhusu. Nimeruhusu. Ataondoka nalo kesho.

Sasa nimekaa mlangoni na Raya, naandika mstari wangu wa mwisho huku nyuma. Kabla halijaenda narekebisha mbele. Tarehe saba, nimekata kimoja, naandika nusu. Tarehe nane, nusu. Tarehe tisa. Raya ameegemea bega langu anaangalia kalamu.

Ameniuliza hiyo ni nini. Nikamwambia ni nusu.

Akasema, "Inaandikwaje, mama?"

Nimemshika mkono wake wa kulia, mwepesi kama hauna mtu, na tumeandika pamoja. Moja juu. Mstari. Mbili chini. Zimebaki nane, na anataka tuziandike zote.